Ufahari wa Kuvuta kwa Mbele

Bidhaa ya Kimarekani iliyopendwa kwanza Unyanyembe ilikuwa kitambaa. Merikebu za Salem, Massachusetts, zilishusha Zanzibar majora ya pamba ngumu isiyopaushwa, na kitambaa hicho, merikani, kikapanda njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Kazeh ya Unyanyembe, ndani ya Tabora ya leo. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters akafungua kazi Zanzibar akiwa balozi mdogo wa nchi yake. Bara hapakuwa na noti wala benki. Kwa doti za merikani msafiri alilipa hongo kwa mtemi, akanunua mtama, akaajiri wapagazi. Aliyeonekana amejifunga merikani mpya alijulikana kuwa mambo yake si haba.

Nimeanzia mbali kwa makusudi. Habari hii ni ya magari, tena ya ukoo mmoja wa magari: makubwa, ya Kimarekani, ya milango miwili, yanayovutwa na magurudumu ya mbele, yaliyoundwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye fedha na hamu ya kutazamwa. Oldsmobile Toronado, Cadillac Eldorado, Buick Riviera. Biashara ya magari hayo haikufika Isevya, mtaa wa Tabora, kama ilivyofika ile ya merikani. Ila mrithi wake yupo. Anapita kila siku kwenye barabara za Tabora, anaoshwa Jumamosi jioni, anapelekwa harusini na utepe kwenye boneti, na wanaomwendesha hawana haja ya kujua babu yake ni nani.

Kabla ya gari, raha ya safari katika njia hii ilikuwa kutobeba kitu. Msafara wa Wanyamwezi ulikwenda kwa mstari mmoja, na mbele kabisa alitembea kirangozi, amejitanda kitambaa chekundu, kichwani manyoya, mkononi bendera. Aliyethubutu kumpita alitozwa faini. Nyuma yake walifuata wabeba pembe, kisha wabeba nguo na shanga, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, wakapokewa na Sheikh Snay bin Amir. Mwezi Januari 1858, wakiwa wameshaondoka kuelekea Ujiji, ugonjwa ulimnyang'anya Burton nguvu za miguu, ikabidi abebwe kwa machela. Hilo ndilo lililokuwa gari la kifahari la zama zile: mmoja amelala, wengine wanahema. Msafiri aliyetoka pwani alijua amekaribia akishafika Rubuga na kisha Kigwa, mashariki ya mji. Jina la Kigwa tulishike, tutakutana nalo tena.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, upagazi wa masafa marefu ukaanza kufa. Vita vya kwanza vya dunia vikaufufua kwa miaka minne, kwa nguvu na kwa mauti, kisha ukafa moja kwa moja. Wakati huo gari lilikuwa limeshapita nchini. Luteni Paul Graetz, Mjerumani, aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 kwa gari lililotengenezwa maalumu Gaggenau, akavuka bara zima hadi Swakopmund, akafika tarehe 1 Mei 1909. Karibu miaka miwili! Kirangozi wa Unyanyembe asingeona sababu ya kumwonea wivu.

Chini ya Waingereza yalikuja malori na magari ya Ford na Chevrolet, lakini mengi ya yale yaliyokwenda katika makoloni yao yalitoka viwanda vya Kanada, si Detroit. Sababu zilikuwa mbili. Kanada ilikuwa ndani ya himaya, hivyo baada ya makubaliano ya Ottawa ya mwaka 1932 bidhaa zake zilipata nafuu ya ushuru katika sehemu nyingi za himaya, na viwanda vyake vilitengeneza magari yenye usukani wa kulia, unaofaa nchi ambazo watu huendesha kushoto. Baada ya vita vya pili likaongezeka tatizo la tatu: dola zilikuwa adimu katika nchi zote zilizotumia sarafu iliyofungamana na pauni, na koloni halikuruhusiwa kuzitapanya kwa gari la starehe. General Motors, wakati huo kampuni kubwa kuliko zote za magari duniani, ilijulikana Afrika Mashariki zaidi kwa lori la Bedford, lililotengenezwa na tawi lake la Uingereza. Mzee wa Tabora aliyebebwa juu ya magunia ya karanga kwenye Bedford alikuwa ameshakutana na General Motors, ingawa si ile inayosimuliwa hapa.

Sasa tuingie chini ya gari. Katika Bedford, Land Rover ya zamani au Peugeot 404, injini iko mbele na kazi inafanyika nyuma. Kati ya mbele na nyuma kuna chuma kirefu, propela, kinachozunguka chini ya sakafu hadi kwenye difu, na difu ndiyo inayogeuza magurudumu ya nyuma. Mfumo huu ni wa miaka mingi, rahisi kuelewa na rahisi kutengeneza. Wa kuvuta kwa mbele unaondoa propela yote. Injini, gia boksi na difu vinakusanywa mahali pamoja, na magurudumu yale yale yanayokata kona ndiyo yanayovuta. Shida yote iko hapo, maana gurudumu la mbele linapanda na kushuka, linageuka kulia na kushoto, na wakati wote huo lazima lipokee nguvu bila kushtuka. Kiungo cha shafti kinachoweza kazi hiyo kilichukua muda mrefu kupatikana.

Marekani walijaribu mapema. J. Walter Christie alishindana kwa gari la kuvuta mbele katika mashindano makuu ya Ufaransa ya mwaka 1907. Errett Lobban Cord, tajiri wa Indiana, akaanza kuuza Cord L-29 mwaka 1929. Gari lilikuwa refu, la chini, zuri sana, na lilitoka mwaka ambao soko la hisa la New York lilianguka. Likaisha mwaka 1932. Cord akarudi na modeli ya 810, iliyochorwa na Gordon Buehrig na kuoneshwa New York mwishoni mwa 1935, yenye taa zinazojificha ndani ya madigadi. Watu walipanda juu ya magari mengine ili kuiona. Ilitengenezwa kwa haraka mno, ikawa na matatizo ya gia na joto, na mwaka 1937 kampuni ikafa. Kwa karibu miaka 30 iliyofuata hakuna kampuni kubwa ya Marekani iliyouza gari la kuvuta mbele. Wazungu wa Ulaya ndio waliolichukua wazo hilo na kulifanya la watu wa kawaida: DKW ya Ujerumani, Citroën ya Ufaransa kuanzia 1934, kisha Mini ya Uingereza mwaka 1959, gari ambalo Alec Issigonis alilitengeneza kwa kuilaza injini kwa upana ili abiria wanne wenye mikoba yao waenee.

Katika mazingira hayo ndipo Oldsmobile, tawi la General Motors lenye makao Lansing, Michigan, lilipofanya jambo ambalo mpaka leo naliona la kiburi, tena kiburi cha kupendeza. Wahandisi wake, wakiongozwa na John Beltz, walikuwa wamelichunguza suala la kuvuta mbele tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1962 mchoraji David North alichora gari jekundu la milango miwili, mgongo umeteremka bila kukatika hadi nyuma, matao ya magurudumu yamechomoza. Mchoro ulikusudiwa gari dogo kidogo. Wakubwa wakaupenda, lakini wakaamuru ukae juu ya bodi kubwa ambayo Buick Riviera nayo ingeitumia, ili gharama zigawanywe. Hivyo likazaliwa jitu. Toronado ya mwaka 1966 ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 5.3, uzito wa takribani tani mbili, injini ya V8 ya lita 7 na nguvu za farasi 385. Waandishi wa jarida la Motor Trend wakaipa tuzo ya gari la mwaka.

Namna walivyoyapitisha hayo yote mbele inastahili kutazamwa kwa utulivu. Injini haikulazwa kwa upana kama ya Mini. Isingeenea. Iliwekwa kwa urefu kama kawaida, na nyuma yake kibadili nguvu cha mafuta, kile kinachoshika nafasi ya klachi katika gari la otomatiki. Kutoka hapo, badala ya nguvu kuendelea nyuma, ilipinda: mnyororo mpana wa chuma, wa meno madogo mengi yasiyopiga kelele, uliichukua na kuihamishia kwenye gia boksi iliyowekwa ubavuni mwa injini, ikitazama mbele. Mbele ya gia boksi ikakaa difu, na kutoka kwenye difu shafti mbili fupi zikaenda magurudumuni. Ukifungua boneti, unaona injini tu. Kila kitu kingine kimejibana pembeni. Wengi waliamini kwamba mnyororo huo ungekatika kwa nguvu za farasi 385. Haukukatika. Ulikuwa imara kiasi kwamba General Motors iliuchukua mfumo mzima wa Toronado na kuuweka katika nyumba ya magurudumu ya GMC, iliyotengenezwa kuanzia 1973 hadi 1978.

Faida yake? Sakafu bapa. Bila propela hakuna nundu katikati, na matangazo yalijivunia kwamba watu sita wanakaa na wote wana mahali pa kuweka miguu. Hapo ndipo ninapocheka kidogo. Gari la milango miwili, ambalo abiria wa nyuma anaingia kwa kujikunja, ambalo kwa siku nyingi za maisha yake linambeba mtu mmoja aliyevaa miwani ya jua, halina haja ya sakafu bapa nyuma. Mini ilihitaji kuvuta mbele kwa sababu haikuwa na nafasi. Toronado ilikuwa na nafasi tele, ikauchukua ufundi wa maskini na kuufanya pambo. Uzito ulilemea mbele, takribani asilimia 60 ya gari, matairi ya mbele yakaliwa upesi, na breki za ngoma za mwaka wa kwanza zilichoka mteremkoni. Mwaka huo wa kwanza ziliuzwa karibu 41,000, mwaka uliofuata zikashuka karibu nusu. Lakini nani aliyewahi kununua gari kama hilo kwa hesabu?

Mwaka 1967 Cadillac nayo ikaleta Eldorado ya kuvuta mbele kwa ufundi huo huo, kona zake kali kama zilizokatwa kwa kisu, karibu 18,000 zikauzwa. Mwaka huo huo, tarehe 5 Februari, likatangazwa Azimio la Arusha. Masharti ya uongozi yalimkataza kiongozi wa TANU au wa serikali kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili, kupangisha nyumba. Gari halikutajwa. Hata hivyo, baada ya hapo gari kubwa likawa shahidi wa upande wa mashtaka. Neno wabenzi lilikuwa limeshaenea Afrika Mashariki yote, likimaanisha wakubwa wapya waliopata uhuru na Mercedes kwa mkupuo mmoja. Ajabu ni kwamba kwa mizani ya Detroit, Mercedes ya mbenzi ilikuwa gari la kiasi: milango minne, sehemu ya dereva, sehemu ya bosi nyuma. Ufahari wa kwetu ulikaa kiti cha nyuma. Ule wa Marekani ulikuwa umeshika usukani wenyewe, na nadhani hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya mheshimiwa na tajiri.

Barabara nazo zilikuwa na kauli. Mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, ndiyo yaliyokuwa mahakama ya magari ya ukanda huu. Mwaka 1956 gari la kuvuta mbele lilishinda: DKW ya Eric Cecil na Tony Vickers. Mwaka 1962 Pat Moss, mwanamke Mwingereza, alikuwa anaelekea kushinda kwa Saab, ya kuvuta mbele pia, kabla ya kugonga swala na kumaliza wa tatu. Baada ya hapo ikawa zamu ya Peugeot 404, iliyoshinda 1963, 1966, 1967 na 1968, na wauzaji hawakuhitaji tangazo jingine. Watu wa bara walielewa: gari la kununua ni lile lenye difu nyuma, springi ngumu, na spea zinazopatikana hata Nzega.

Hata hivyo Afrika Mashariki ilipata gari lake moja la aina hii, na mwenyewe alikuwa Idi Amin. Gari si la Marekani, ni Citroën SM, lakini ni ndugu wa Toronado kwa kila kipimo: milango miwili, ya kuvuta mbele, ghali, na yenye majivuno. Citroën ilikuwa imeinunua Maserati ya Italia, ikaagiza huko injini ya V6, ikaiweka katika bodi iliyochongoka kama tone la maji na kuionesha Geneva mwaka 1970. Usukani wake ulijirudisha wenyewe katikati ukiuachia, hata gari likiwa limesimama. Haikutumia springi za chuma bali mafuta na gesi. Mwaka 1972 ikapata Marekani tuzo ile ile ya Motor Trend iliyopewa Toronado miaka sita nyuma, ingawa sheria za huko zilikataza taa zake zilizofunikwa na kioo. Zilitengenezwa chini ya 13,000, na mtindo ukaachwa mwaka 1975. Amin aliiendesha mwenyewe katika mitaa ya Kampala, na hapo alikuwa tofauti na wabenzi: hakutaka kubebwa, alitaka aonekane ameshika usukani.

Na sasa Kigwa. Amin alipompindua Rais Milton Obote wa Uganda tarehe 25 Januari 1971, Obote alikuja Dar es Salaam, na askari waliomtii wakamfuata kwa njia mbalimbali. Septemba 1972 walijaribu kurudi Uganda kwa silaha kupitia Mutukula, wakashindwa vibaya. Waliosalia wakapelekwa Tabora, kwenye kambi ya Kigwa, pale pale ambapo misafara ya karne ya kumi na tisa ilipumzika kabla ya kuingia Unyanyembe. Walikaa miaka. Walilima tumbaku, walichoma mkaa, waliishi kwa jasho katika misitu ya miombo, huku mtu aliyewatoa kwao akipita Kampala kwa injini ya Maserati. Sijui picha nyingine ya miaka ile inayoeleza siasa za Afrika Mashariki vizuri zaidi: upande huu mkaa wa Kigwa, upande ule SM. Majeshi ya Amin yalipovamia Kagera mwezi Oktoba 1978, watu wa kambi hiyo wakakusanywa upya na kuingia Kikosi Maalum, chini ya Tito Okello na David Oyite-Ojok. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Amin alikimbia, na magari yakabaki.

Tanzania ilishinda vita na kubaki mkono mtupu. Bei ya mafuta duniani ilipanda tena mwaka huo huo wa 1979. Miaka hiyo ya shida magari ya watu binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, na atakayeuliza gari la lita 7 lingefanya nini katika nchi hiyo ajibiwe na foleni za petroli. Marekani nako jitu lilikuwa linasinyaa. Eldorado ya mwaka 1970 ilikuwa imefikia injini ya lita 8.2, na baada ya msukosuko wa mafuta wa Oktoba 1973 hesabu ikageuka kuwa aibu. Mwaka 1979 Toronado na Eldorado zilipunguzwa ukubwa, na Riviera, iliyokuwa imebaki na difu ya nyuma muda wote huo, ikahamia nayo mbele. Mwaka 1986 zikapunguzwa tena, safari hii kupita kiasi, wanunuzi wakazikimbia. Toronado ya mwisho ilikuwa ya mwaka 1992, Riviera ya mwaka 1999. Eldorado ya mwisho ikatoka kiwandani Lansing, mji wa Oldsmobile, mwezi Aprili 2002. Miaka miwili baadaye Oldsmobile yenyewe ikafungwa.

Wakati huo kuvuta mbele kulikuwa kumeshaenea duniani kwa njia ya chini kabisa. Toyota ilibadili Corolla ya kawaida mwaka 1983: propela ikaondoka, injini ikalazwa kwa upana. Mwaka 1984 General Motors, waliokuwa wa kwanza Marekani baada ya Cord kuuza gari la kuvuta mbele, waliingia ubia na Toyota katika kiwanda cha Fremont, California, wakajifunze kwa Wajapani namna ya kutengeneza gari dogo la kuvuta mbele lisiloharibika. Mwalimu amekuwa mwanafunzi, na ada amelipa mwenyewe. Kenya nako, General Motors waliokuja 1975 waliishia kuunganisha Isuzu, na mwaka 2017 wakawauzia Isuzu hisa zao wakaondoka.

Kwetu mlango ulifunguliwa na bajeti ya mwaka 1984, iliyoruhusu mtu kuagiza bidhaa kwa fedha zake za kigeni bila kuulizwa amezipataje. Mwaka uliofuata akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, na enzi ya ruksa. Magari ya mtumba kutoka Japani yalianza kama manyunyu, kufikia mwisho wa miaka ya 1990 yakawa mvua: Starlet, Corolla, Carina, baadaye Vitz na IST. Usukani wa kulia, bei ya kuvumilika, petroli kidogo. Fundi aliyefundwa kwenye Bedford na Peugeot alilala chini ya Starlet akitafuta propela asiione.

Tabora ilikuwa na neno lake juu ya magari haya, na neno hilo ni mchanga. Nenda gereji yoyote ya Isevya, chini ya mwembe, utaona kazi inayofanyika mara nyingi kuliko zote. Fundi anaingia garini, anakata usukani hadi mwisho, anazungusha gari polepole uwanjani na kichwa chake kiko nje ya dirisha. Anasikiliza. Likilia ka-ka-ka upande wa nje wa kona, ameshajua. Anapiga jeki, anavua tairi, na kabla hajagusa kitu anakuonesha ndani ya rimu: utepe mweusi wa grisi umerushwa mviringo mzima. Raba inayofunika kichwa cha shafti imechanika, grisi imetoka, mchanga umeingia, na zile gololi sita ndani ya kikombe zimejichimbia mashimo. "Bosi, hapa kusafisha ni kujidanganya," anasema. Inatafutwa shafti ya mtumba, ikikosekana inaagizwa Dar es Salaam. Kasoro yenyewe ni kipande cha raba cha bei ndogo kilichopuuzwa miezi mitatu. Toronado ya 1966 ilikuwa na raba kama hizo, kwa kazi hiyo hiyo.

Mchanga una upande wa pili pia. Gari la kuvuta mbele likiwa tupu linaupita mchanga mkavu vizuri kuliko lile la difu nyuma, kwa kuwa uzito wa injini umekalia magurudumu yanayofanya kazi. Likipakiwa mambo yanageuka. Angalia mchomoko, gari dogo la abiria, uliojazwa watu hadi kwenye buti, na magunia juu ya keria: nyuma imekaa chini, pua imeinuka, na kwenye kilima kidogo tu magurudumu ya mbele yanazunguka bure. Lami ilipokuja kwa vipande, ya Nzega, ya Manyoni kupitia Itigi, ya Mpanda kupitia Sikonge, tatizo hilo likapungua njia kuu na kubaki vichochoroni.

Lami hiyo ndiyo iliyomleta mrithi niliyemtaja. Desemba 1997 Toyota ilitoa Japani gari liitwalo Harrier, lililojengwa juu ya maungo ya saloni ya kuvuta mbele, likainuliwa kidogo na kupambwa kama sebule. Mwaka 1998 gari hilo hilo likaingia Marekani kwa jina la Lexus RX 300, na wale wale ambao wazazi wao walinunua Eldorado, mawakili, madaktari, wajane wenye urithi, wakalinunua kwa makumi ya maelfu. Kwa ufundi Harrier ni mjukuu wa Mini: injini imelala kwa upana, haina mnyororo wala ubavu uliojibana. Kwa tabaka ni mtoto halali wa Toronado. Kazi yake ni kumbeba mtu mmoja aliyefanikiwa, kwa utulivu, huku wengine wakiona. Imeongeza milango miwili tu, kwa kuwa tajiri wa siku hizi ana watoto wa kupeleka shule.

Toleo la pili, la mwaka 2003, Watanzania waliliita tako la nyani kwa umbo la mgongo wake, na jina halikuipunguzia heshima hata chembe. Isevya utaikuta nyeusi au nyeupe mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, au kwa mfanyabiashara wa asali na tumbaku, kila moja na mwenyewe nyuma ya usukani. Mheshimiwa wa kiti cha nyuma ana Land Cruiser ya serikali. Harrier ni ya aliyejitafutia.

Wanunuzi huuliza swali moja kwanza: ni ya miguu yote au ya mbele tu? Toyota ilitengeneza zote mbili. Mafundi wengi watakushauri ya mbele tu kama huendi shamba, kwa kuwa ni nyepesi, inakunywa kidogo na ina vya kuharibika vichache. Swali la pili ni injini, na hapo mamlaka ya mapato ndiyo inayojibu. Injini ya tako la nyani ya sisi 2,362 inavuka mstari wa 2,000, na kwa mstari huo ushuru wa bidhaa unapanda kutoka asilimia 5 hadi 10. Toleo la tatu la mwishoni mwa 2013, ambalo mtaani limepewa jina la Anaconda, lina injini ya sisi 1,986. Tofauti ya sisi 14 chini ya mstari, na ndiyo maana madalali wa Tabora wanapolitaja hutanguliza injini kabla ya rangi.